Kiboti cha mpira kinaposumbua kwenye mashua ndogo ya tanga

Kiboti changu cha kujaza hewa, cha kunitoa mashuani hadi ufukweni, kinaishi South B, Nairobi, ghorofa ya tatu, chini ya kitanda cha wageni. Mashua yenyewe, ya mita saba kasoro, imetia nanga Kilifi ndani ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Kila baada ya wiki tano sita majirani huniona nikishuka ngazi na furushi la kilo 24 begani, na mtoto wa nyumba ya pili bado anaamini mimi huuza magodoro. Zamani ungetweka tanga hapahapa mjini, kwenye Bwawa la Nairobi, kabla magugu maji na matope hayajalimeza. Siku hizi aliye Nairobi na anapenda upepo husafiri, ama Naivasha ama Pwani, na kiboti husafiri naye.

Kiboti hicho kina viraka tisa. Viwili nilivipata kwa kukitumia, yaani kukipiga kasia au kukiendesha kwa injini hadi ufukweni. Saba vilivyobaki vilitokana na kukibeba, kikiwa barabarani, kimefungwa sitahani (sakafu ya juu ya mashua), au kimekunjwa sandukuni. Kwa hiyo nikiulizwa "boti yangu ina shida gani?" huanza kwa kuuliza ilibebwaje.

Kilikuwa kigumu Nairobi, Kilifi kimefika kimelegea

Safari ya kwanza nilikijaza nyumbani ili nihakikishe hakivuji, kisha nikakifunga juu ya pikapu kikiwa kimejaa vilevile. Nilidhani naokoa kazi. Tuliposimama Mtito Andei kunywa chai, mikanda ilikuwa imelegea kidogo, nikaikaza. Mariakani kilikuwa kama godoro la bweni. Shemeji yangu alishuka, akakibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. "Shemeji," akasema, "umeuziwa pancha." Tulipofika tulikipaka maji ya sabuni kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Hakuna hata povu moja lililotoka.

Tundu halikuwepo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotuzunguka huku ina msukumo wa takriban bar 0.83. Kilifi ni 1.01. Kipimo cha pampu hakikuambii hewa yote iliyomo. Kinakuambia tofauti ya ndani na nje tu. Ukijaza hadi 0.25, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha tyubu za viboti vingi, kisha ukashuka hadi baharini, hewa ya nje inaongeza uzito wa 0.18 na ugumu unaobaki ni kama 0.07. Tairi la gari lenye bar 2.2 nalo hupoteza 0.18 hiyohiyo, ila kwa tairi huwezi hata kuhisi. Kwa kiboti ni karibu robo tatu ya ugumu wote.

Kinachopaswa kukutia hofu ni safari ya kurudi. Kiboti kilichojazwa 0.25 Kilifi na kupandishwa Nairobi kikiwa kimejaa kitafika na zaidi ya 0.4, na hapo bado hujahesabu jua. Mishono huanza kuachana taratibu, kwa ndani, pasipo mlio wowote, halafu wiki mbili baadaye unalaumu gundi ya kiwandani.

Hata kiboti kilichokunjwa hakisalimiki. Ukikikunja Pwani ukafunga vali, hewa iliyosalia ndani hupanuka kwa zaidi ya moja ya tano kufikia Nairobi. Mfuko wangu ulipasuka zipu tukiwa Emali. Nilifikiri ni wizi, kumbe ni hewa ya Kilifi ikidai nafasi yake.

Dawa yake haina gharama. Kiboti kisafiri kimetolewa hewa, na vali zikae wazi njia nzima. Mimi hufunika kila mdomo wa vali kwa kipande cha soksi na kukikaza kwa mpira wa noti, maana vumbi likiingia kwenye vali ndipo unaanza kuvuja kwa kweli. Wa Naivasha msicheke. Ziwa na Nairobi havitofautiani sana kwa kimo, lakini barabara inapita Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, na mfuko hauna habari kwamba baadaye mtashuka.

Ukitaka kujua kama ni kimo au ni pancha, bonyeza vyumba vyote vya hewa kimoja kimoja. Vikiwa vimelegea sawasawa, ni kimo au ni baridi. Kimoja kikiwa kimelegea na vingine vimesimama, shika sabuni.

Mchana kigumu kama ngoma, kikiguswa na maji kinalegea

Huyu ni ndugu wa yule wa juu, ila yeye analetwa na jua. Kiboti kilichojazwa 0.25 kwenye hewa ya nyuzi 27, kikianikwa juu ya sitaha hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 45, hupanda hadi karibu 0.33. Ukikitupa majini hupoa na kushuka tena ndani ya dakika chache. Hapo mtu hufanya kosa ambalo mimi nimelifanya mara nyingi: anachukua pampu, anaongeza. Jioni anakirudisha sitahani, kesho yake jua la saa sita linakikuta kimeshashiba, na mshono ulio karibu na ubao wa nyuma unaanza kutoa uzi.

Ongeza kikiwa majini, ndiyo, lakini kabla ya kukipandisha sitahani kipunguze hadi kidole kizame kidogo. Kiboti kinacholala sitahani hakina haja ya ugumu wa kubeba watu watatu.

Chumba kimoja kinalegea usiku

Hapa sasa ni kuvuja. Fuata mpangilio: vali kwanza, mishono pili, kitambaa mwisho. Watu huanza na kitambaa kwa sababu ndicho kikubwa, wakapoteza jioni nzima.

Vali ikivuja, mara nyingi ni chembe ya mchanga iliyokaa kwenye mpira wa kuzibia. Ifungue, ioshe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), ipanguse kwa kitambaa laini, irudishe. Usipake grisi ya gari, mchanga utashukuru. Ikiendelea, huenda vali imelegea pale iliposhikana na tyubu. Vali nyingi hukazwa kwa ufunguo wa plastiki ambao huja na kiboti na hupotea mwaka wa kwanza.

Mishono huvuja zaidi pembeni mwa ubao wa nyuma, penye injini. Sababu yake hukutana nayo kwenye kubeba: watu wawili hukiinua kiboti kwa kushika ubao huo, uzito wote ukining'inia kwenye gundi. Kishike kwa vishikio vya pembeni, na injini itoke kwanza. Hata injini ndogo ya nguvu farasi 2.5 ya mipigo minne ina kama kilo 17.

Kwenye kitambaa tafuta maeneo mawili. La kwanza ni mistari ya mikunjo. Kiboti kinachokunjwa vilevile kila safari hupasuka palepale, kama hati ya shamba iliyokunjwa mfukoni. Badilisha mikunjo kila safari, pembe za mbao zikianguka pengine. La pili ni sehemu zilizogusana na kitu ngumu sitahani, na hilo nitalirudia.

Naivasha ina sababu yake ya pekee. Ziwa lilipofurika miaka ile ya 2020, migunga ya ukingoni ilizama na kufia humo humo ikiwa imesimama, na matawi yake yamo majini pamoja na miiba. Mwiba wa mgunga huingia kwenye tyubu na kukatikia humo. Tundu halivuji hadi ukunje kiboti. Ndipo mwiba unapotoboa pia upande wa pili. Kabla ya kukunja baada ya Naivasha, pitisha kiganja polepole chini ya kiboti kizima. Pwani mwiba ni chaza walioganda kwenye nguzo za gati, na hao hukata wala hawatoboi.

Kiraka nilichobandika kimebanduka

Nilipopata pancha yangu ya kwanza nilikipeleka kwa fundi wa tairi kando ya barabara, si mbali na nyumbani. Alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa, akaniangalia. "Bosi, hii si mpira. Hii ni turubai." Nikamwambia abandike tu. Akabandika, kwa solusheni ileile ya tyubu za baiskeli, akanitoza shilingi mia moja na akarudia, "Lakini nimekuambia." Kiraka kilidumu hadi jua la kwanza la Kilifi. Kosa halikuwa lake.

Viboti hivi vyote tunaviita vya mpira, lakini vingi ni PVC, ndugu kabisa wa turubai za malori. Vingine ni Hypalon, mpira wa kutengenezwa ambao kampuni ya DuPont iliacha kuuzalisha mwaka 2010 ingawa jina limebaki midomoni. PVC hung'aa na ni laini pande zote mbili. Hypalon imefifia kidogo kwa nje, na kwa ndani kwa kawaida utaona mpira mweusi. Kila moja ina gundi yake: ya poliyurethani kwa PVC, ya neoprini kwa Hypalon, zote za kuchanganya sehemu mbili. Ukikosea gundi hutaponea, hata ukandamize kwa jiwe la kusagia.

Na hapa kuishi Nairobi kuna faida. Gundi hizi zinachukia unyevu, na hewa ya Pwani imejaa unyevu mwaka mzima. Viraka vyangu viwili vilivyobandikwa Kilifi vimeshabanduliwa na kubandikwa upya nyumbani, mwezi wa Januari, saa nne asubuhi, dirisha wazi. Tandaza kiboti kikiwa hakina hewa. Kata kiraka cha duara, kipite ukingo wa tundu kwa sentimita tano kila upande. Pembe huinuka, duara halina pembe. Hypalon isugue kwa msasa hadi ing'oke vumbi. PVC ipanguse tu kwa kiyeyushi kinachoelekezwa kwenye kopo la gundi. Paka utando mwembamba pande zote mbili, subiri ukauke, paka wa pili, subiri uwe wa kunata bila kushika kidole, kisha bandika kutoka katikati kwenda nje ukisukuma hewa kwa mgongo wa kijiko. Usikijaze kabla ya saa 24. Mimi hukiacha siku tatu. Moshi wa gundi hizi ni mbaya kwa kichwa na unashika moto, kwa hiyo jiko lizimwe na watoto waende kucheza chini.

Hakiingii mfukoni, wala kwenye sanduku la mashua

Kiboti kilitoka kiwandani kwenye mfuko ule ule, kwa hiyo kisichoingia ni hewa. Kukikalia hakutoshi. Pampu nyingi za mguu zina mdomo wa pili wa kunyonya. Hamisha bomba huko na unyonye hadi tyubu zigandamane kama chapati mbili. Toa mbao za sakafu, zifungwe peke yake kwenye shuka kuukuu. Kunja tyubu za pembeni kuelekea katikati, kisha viringisha kuanzia omo kwenda kwenye ubao wa nyuma, vali za nyuma zikiwa wazi ili hewa ya mwisho itoke. Ukianzia nyuma, utakuwa unaisukuma hewa omo, ambako haina mlango.

Fanya kazi hii PVC ikiwa na joto. Asubuhi ya Julai mjini kitambaa hukakamaa, na ukikilazimisha unatengeneza mipasuko. Kianike nusu saa kwanza.

Kwenye sanduku la sitahani, kisiwe chini ya kila kitu. Nimewahi kufukua nanga ya akiba, ndoo mbili, mtungi wa maji na jiko la gesi ili nikifikie kiboti, upepo ukizidi kupanda. Na ikiwa unahesabu kiboti kama njia ya kuokoka mashua ikizama, fanya hesabu nyingine: dakika kumi na tano za pampu ya mguu huna. Jaketi la kuokolea maisha ndilo la kutegemea, likiwa mwilini.

Kimefungwa sitahani na kinaleta balaa

Mashua ya mita sita au saba ina nafasi mbili tu za kweli. Moja ni mbele ya mlingoti, kiboti kikilala kifudifudi. Nyingine ni juu ya paa la kibanda, nyuma ya mlingoti, chini ya bumu, ule mti wa kulala unaoshika upande wa chini wa tanga. Pima kwa futi ya fundi kabla ya kununua, kutoka mlingoti hadi waya wa mbele, na kutoka bumu hadi paa. Mimi nilinunua kwanza. Kiboti cha mita 2.3 kwenye nafasi ya mita mbili nilikiwezesha kwa kutoa hewa chumba cha omo na kukikunja chini, na kimekaa hivyo miaka minne.

Tatizo la kwanza utakaloliona ni kwamba huoni. Kiboti kilichojaa mbele ya mlingoti humficha mvuvi kwenye ngalawa yake hadi akupigie kelele. Punguza hewa hadi kikae chini ya kimo cha macho yako ukiwa umeketi kwenye usukani. Kisiposhuka hivyo, kikunjwe kabisa.

Pili, kamba za tanga la mbele hunasa. Kila mnapogeuza mashua, kamba inaingia chini ya kishikio cha kiboti na mtu analazimika kutambaa mbele kuinasua. Funga kamba nyembamba kutoka omo ya kiboti hadi kwenye mlingoti kama paa la nyumba, ili kamba za tanga ziteleze juu yake. Hili nilionyeshwa na mzee mmoja wa Kilifi aliyekuwa nahodha wa majahazi. Nilimwamkia, akaitika, akaitazama mashua yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema: "Mwanangu, umefunga mzigo. Hukufunga njia ya kamba."

Tatu ni msuguano, na hapo ndipo viraka vinne kati ya saba vyangu vilipotokea. Mashua haitulii hata ikiwa kwenye nanga. Kiboti kinacheza milimita chache, huku na huku, usiku kucha, juu ya kifungio cha chuma au kichwa cha skrubu. Asubuhi hakuna kitu. Baada ya miezi miwili kitambaa kimeliwa hadi kwenye nyuzi. Nenda Gikomba ununue kipande cha zulia kuukuu, ukikate vipande vya ukubwa wa sahani na kukiweka kila mahali kiboti kinapogusa kitu. Kisha jaribu hivi: paka chaki kwenye kila chuma cha sitaha kilicho karibu, lala usiku mmoja na kiboti kimefungwa, asubuhi kigeuze. Alama za chaki zitakuonyesha mahali zulia linahitajika, na hazitakuwa pale ulipodhania.

Nne, kinataka kuruka. Kamba za mpira, zile za bodaboda, usizitumie peke yake. Zinanyumbuka. Wimbi au upepo wa kusi ukiingia chini ya kiboti hukiinua kidogo, mpira unavutika, upepo unapata nafasi zaidi, na mzunguko huo unaishia kiboti kikiwa demani (upande upepo unakoelekea) kimegeuka tanga la pili. Tumia mikanda bapa ya kukaza, ile ya wabeba mizigo, inapatikana kwa wingi kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga. Ipite juu ya tyubu zote mbili, na ncha zake zishike vyuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye sitaha. Usiishike kwenye nguzo za ukingoni wala kwenye waya zake. Hizo zimewekwa kuzuia mtu, na bado huwa nina mashaka nazo. Chuma cha kukazia mkanda kivalishe soksi. Soksi kwangu ni spea.

Usikifunge juu ya mlango wa sitaha wa mbele ikiwa ndiyo njia ya pili ya kutokea chumbani. Jiko likishika moto nyuma, utakuwa umejifungia.

Watu huuliza kuhusu vyuma vya kukining'iniza nyuma, kama vya mashua kubwa. Kwa mashua ndogo jibu langu ni hapana. Kilo arobaini za kiboti na injini, zikiwa nje ya tezi na juu, huizamisha tezi, omo inainuka, na mashua inakataa kukaribia upepo.

Kinavutwa nyuma na kinakera

Kukikokota ni rahisi hadi pale kinapoacha kuwa rahisi. Ndani ya hori, maji yametulia, mimi hukokota. Nje ya mlango wa hori siku ya kusi, sithubutu.

Kikivuta na kuachia, kamba ikilegea kisha inakazika tap!, kimekaa mahali pabaya kwenye mawimbi. Kikiwa kwenye mteremko wa mbele wa wimbi hukimbia na kuja kugonga tezi. Kikiwa kwenye mgongo wake hupanda mlima bila kufika. Legeza au vuta kamba kidogo kidogo hadi isilegee wala isilie. Upepo ukitoka nyuma na mawimbi yakiwa makubwa, irefushe ili mashua na kiboti vipande wimbi pamoja. Maji yakiwa shwari fanya kinyume: kivute karibu kabisa, omo yake iinuke nje ya maji ikigusa tezi. Hakitateleza wala kunywa maji.

Kikienda mshazari, huku na huku kama mlevi, kamba imefungwa kwenye pete moja. Tengeneza kamba ya miguu miwili, kila mguu kwenye pete yake ya pembeni, ikutane mbele ya omo kwa umbali wa kama mita moja. Pete ikianza kubanduka ukingoni, acha kukokota leo, si kesho.

Kikipinduka, kilikuwa tupu na upepo ukaingia chini. Mara nyingi hutokea Naivasha alasiri, upepo unapopanda ghafla baada ya asubuhi ya kioo. Kiboti kikipinduka na injini ikiwa imefungwa, injini imekunywa maji na wikendi imeisha. Injini isikokotwe kamwe. Ipandishe, pamoja na tangi la petroli na makasia. Na kwa kuwa tupo Naivasha: kiboti kinachofuata mashua polepole karibu na mafunjo kinaweza kukutana na viboko. Sijawahi kusubiri kuona wanakitafsiri vipi.

Kamba ya kukokotea iwe ya kuelea, ile ya polipropilini. Ya nailoni huzama, na ukirudi nyuma kwa injini inaingia kwenye rafadha, ile panga ya injini. Hata ya kuelea ivutwe mkononi kabla ya kurudi nyuma. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, kwa jina, kabla hamjafika kwenye boya. "Nani ameshika kamba?" isiwe swali la kuulizwa injini ikiwa imezima.

Kukipandisha kinazunguka na kugonga

Kiboti kinachoinuliwa kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) kutoka pete moja huzunguka kama nyama kwenye ndoana ya bucha. Kinahitaji miguu mitatu: mmoja omo, miwili kwenye ubao wa nyuma, ikikutana juu ya kitovu cha uzito. Kitovu hicho kiko nyuma zaidi ya unavyodhani, hata bila injini. Fungua kizibo cha kutolea maji kabla ya kuinua, maana lita hamsini za maji ya mvua ni kilo hamsini ambazo henza haikuzitarajia. Mtu mwingine ashike kamba ya tezi ya kiboti kukiongoza, na kipandishwe upande wa demani, ambako upepo hautakibamiza kwenye mashua.

Njia hiyohiyo hukilinda usiku. Kiinue ubavuni, nusu mita juu ya maji. Hakiibiwi kwa urahisi, na chini hakioti majani. Kwenye maji ya joto ya Pwani wiki mbili zatosha kukivisha zulia la kijani, na ukikikunja na zulia hilo, chumba cha wageni South B kitakuwa hakina wageni.

Kinanuka, kina madoa, kinanata

Harufu na madoa meusi ni chumvi na unyevu uliofungiwa. Kioshe kwa maji baridi kabla ya safari, na kama Kilifi maji ni ya kununua kwa mtungi, mtungi mmoja na sponji vinatosha. Kikaushe kivulini, hasa kwenye mfinyo wa sakafu na tyubu, kisha kipake poda ya mtoto. Nyumbani kisikae sakafuni palipo na panya. Chumvi na mabaki ya samaki ni mwaliko.

Kinachonata kama peremende kwenye mfuko wa shati, na ukikiosha kinaendelea kunata, hicho PVC yake imeharibiwa na jua, au petroli imemwagikia. Hakuna gundi itakayoshika hapo, na kila anayekuuzia dawa ya kupaka anakuuzia wiki mbili. Kiboti changu cha kabla ya hiki kilifikia hapo. Niliikata sehemu nzuri ya chini vipande vya kuzuia msuguano, ndivyo vinavyokikinga cha sasa kwenye mlingoti. Ubao wa nyuma aliuomba askari wa getini. Ameugeuza benchi, na matundu ya bolti za injini bado yanaonekana.